Kutapika kusituachishe dawa ya kansere

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanachama, Likasi)



Mwaka uliopita nilifanya kosa, nataka kulisema hapa. Mama mmoja wetu alianza shimio, ile dawa ya kansere inayopitishwa kwa mshipa, kule Lubumbashi. Kurudi Likasi ni kilometa karibu 120 ndani ya bisi. Alitapika njia yote, na siku tatu nyumbani. Mimi nikamwambia: «Vumilia mama, ni dawa inafanya kazi.» Mara ya tatu hakuenda tena. Aliniambia: «Afadhali ugonjwa kuliko ile ndoo.»

Nilimdanganya bila kujua. Kutapika si alama kwamba dawa inafanya kazi. Shimio inachokoza matumbo, yanatoa kitu kinaitwa serotonini, na ile inapeleka habari kwa ubongo: tapika. Kidonge cha ondansetroni kinafunga njia hiyo, na OMS imekiweka kwenye orodha ya dawa za lazima. Lakini kinamezwa mbele ya shimio, hatungojei moyo uchafuke. Na shimio kali, kama sisplatini, inaweza kutapisha siku ya pili mpaka ya tano, mgonjwa akiwa kwake.

Basi tushike mambo ine:

1. Mbele ya kutoka hospitali, uliza: «Munganga, dawa ya kutapika ya siku za nyumbani iko wapi?»

2. Chakula kidogo kidogo, mara tano ao sita kwa siku. Uji ao bukari kidogo. Samaki ipikwe mbali na mgonjwa, juu ya harufu.

3. Maji kwa funda ndogo ndogo: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visijae kupita ukingo.

4. Kama hata maji hayakai tumboni, kama hakojoi, anatapika damu, ao homa imefika 38, ni hospitali siku ileile.

Nilirudi kwa yule mama kuomba samahani. Sanduku letu lililipa nauli, na safari hii vidonge pia. Alitapika mara moja tu. Sasa amemaliza mara ine, zimebaki mbili.

Naomba basi: kila tukilipa nauli ya mgonjwa, tulipe na vidonge vyake.