Matandiko ya Mtumba Mtandaoni: Mkono Ukague Kabla Pesa Haijatumwa

Ifuatayo ni mada iliyoandaliwa kwa mabaraza ya wenye punda, mikokoteni na farasi katika Kaunti ya Nakuru. Imechapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Katika kaunti hii mnyama wa kazi bado analisha nyumba nyingi. Mjini Naivasha, punda huvuta mikokoteni ya maji hadi kwenye mitaa ambayo mifereji haijafika. Molo na Njoro, punda huyo huyo hubeba viazi, maziwa na kuni. Gilgil na kandokando ya Ziwa Naivasha kuna farasi wa mashamba, wa kupandisha wageni na wa mchezo wa polo. Wanyama hawa hawafanyi kazi bila matandiko. Kwa farasi, hayo ni tandiko la kukalia, mshipi wa tumbo, vikuku vya kukanyagia, hatamu na lijamu. Kwa punda wa mkokoteni, ni mkanda wa kifuani, padi ya mgongoni na kamba za kuvutia.

Matandiko mapya ya ngozi ni ghali na mafundi wa kuyatengeneza ni wachache. Kwa hiyo wengi hununua yaliyotumika, na siku hizi soko hilo limehamia kwenye simu, katika makundi ya WhatsApp, kurasa za Facebook na tovuti za matangazo. Si vibaya kununua mtumba. Ngozi nzuri iliyotunzwa hudumu miaka mingi, na anayeuza tandiko asilolihitaji humsaidia jirani kupata kifaa kwa bei anayoimudu. Hatari huanza pale pesa inapotumwa kabla kifaa hakijashikwa kwa mkono.

KILE AMBACHO PICHA HAIONYESHI

Picha huonyesha rangi na mng'aro. Usalama wa tandiko uko mahali ambapo kamera haifiki.

Ndani ya tandiko la farasi kuna kiunzi kigumu, mara nyingi cha mbao au cha plastiki ngumu. Farasi akianguka au akibingirika juu ya tandiko, kiunzi hicho kinaweza kuvunjika huku ngozi ya juu ikibaki nzuri kama mpya. Tandiko la namna hiyo humbana farasi mabegani au humchoma mgongoni kila hatua, na mara nyingi halifai tena kurekebishwa. Njia ya kulipima ni rahisi: mnunuzi huliegemeza tandiko kwenye paja kwa upande wa mbele, kisha huvuta upande wa nyuma kuelekea kwake. Likijikunja katikati au likitoa sauti ya kukwaruza, aliache hapo hapo.

Baada ya kiunzi, mikanda ikaguliwe. Ngozi ikunjwe kwa vidole: ikitokea mipasuko midogo kama ya udongo uliokauka, imeshakufa, na hakuna mafuta yatakayoifufua. Mishono ivutwe kwa dole gumba, hasa pale mshipi wa tumbo unapofungwa na pale vikuku vinaponing'inia. Uzi ukikatika dukani au sokoni, hasara ni ndogo. Ukikatika farasi akiwa mbioni, aliyepanda huanguka kichwa mbele.

Kuhusu kichwa, kuna kifaa kimoja ambacho hakifai kununuliwa mtumba kamwe: helmeti ya mpanda farasi. Helmeti hutengenezwa ili ibebe pigo badala ya fuvu. Ikishabeba pigo kubwa, sehemu ya ndani huwa imebonyea hata kama nje hakuna alama, na mnunuzi hana njia ya kujua iliwahi kuanguka mara ngapi.

Kwa wenye punda, jambo la kuangalia ni upana na ulaini. Mkanda wa kifuani unatakiwa kuwa mpana kama kiganja, laini upande wa ndani, na usiwe na fundo, msumari wala waya unaomgusa mnyama. Matangazo mengi huuza mikanda iliyokatwa kutoka kwenye matairi ya magari. Kwenye picha inaonekana imara. Lakini tairi lina kingo kali, na mara nyingine nyuzi za chuma ndani yake, na punda anayevuta mzigo wa maji kutwa nzima huchubuka kifuani na mabegani. Kidonda kikishaingia, kazi imesimama. Anayeendelea kumfungia mzigo mnyama asiyefaa kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa au jeraha anavunja Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Mkanda wa bei rahisi unaweza kumfikisha mwenye mkokoteni mahakamani.

Mwisho ni kipimo. Tandiko lililomfaa farasi mmoja linaweza kumuumiza mwingine, kwa kuwa migongo haifanani. Mnunuzi apime lijamu ya zamani ya mnyama wake, upana wa mgongo na mzingo wa kifua kwa utepe, kisha amtake muuzaji apime kifaa chake na kutuma vipimo hivyo kwa maandishi. Neno "saizi ya kawaida" si kipimo.

UGONJWA UNAOSAFIRI NA NGOZI

Matandiko hubeba nywele, jasho na vumbi la mnyama aliyeyatumia. Vimelea vya choa, ule ugonjwa wa ngozi unaotoa mabaka ya mviringo na kupukutisha nywele, vinaweza kuishi kwenye vifaa kwa miezi mingi, na huambukiza watu pia. Ugonjwa wa bakteria unaovimbisha tezi za koo za farasi na punda na kuwatoa usaha puani nao huweza kusambazwa na hatamu, lijamu na ndoo za maji zinazotumiwa na wanyama mbalimbali.

Kifaa chochote cha mtumba kisiguse mnyama siku kinapofika. Kisuguliwe kwa sabuni na maji hadi uchafu wote utoke, kitiwe dawa ya kuua viini, kikaushwe vizuri, na ngozi ipakwe mafuta baada ya kukaukia kivulini. Jua kali huipasua. Lijamu ya chuma inaweza kuchemshwa. Padi za sufu au sponji ambazo hazioshwi zikatoka safi ni heri zitupwe na zishonwe mpya. Kwa ushauri kuhusu dawa inayofaa, mkazi amwone afisa wa mifugo wa wadi. Huduma za mifugo ni jukumu la serikali ya kaunti.

PESA INAYOTANGULIA

Ulaghai mwingi wa mtandaoni una sura moja. Tangazo lina picha nzuri na bei iliyo chini kuliko bei ya soko. Muuzaji yuko mbali na ana haraka. Anasema kuna mteja mwingine, kwa hiyo mnunuzi atume angalau pesa za kumwekea au nauli ya kifurushi. Pesa zikitumwa, huja gharama nyingine ndogo, kisha nyingine. Halafu simu inazimwa.

Mnunuzi ana njia za kujikinga kabla ya kufika huko. Aombe picha mpya za sehemu anazozitaja yeye: upande wa chini wa tandiko, mishono, na nambari ambayo watengenezaji wengi huigonga kwenye ngozi chini ya bawa la tandiko. Aombe video fupi ambapo muuzaji anakunja mkanda na kutaja tarehe ya siku hiyo. Mwenye kifaa hataona ugumu wowote. Aliyeiba picha za mtu mwingine atatafuta visingizio.

Ikiwezekana, wakutane mchana mahali penye watu: sokoni siku ya soko, kwenye duka la dawa za mifugo, au karibu na kituo cha polisi. Mnunuzi aende na mtu anayeelewa matandiko. Umbali ukiwa mkubwa, kifaa kitumwe kupitia ofisi ya vifurushi inayotoa risiti, na malipo yafanywe baada ya kukikagua hapo ofisini. Wakati wa kulipa kwa M-Pesa, asome jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha. Jina likitofautiana na la muuzaji, asimamishe malipo mpaka apate maelezo yanayoingia akilini.

MUUZAJI NAYE ANALENGWA

Wengi hudhani anayelaghaiwa ni mnunuzi peke yake. Muuzaji naye huletewa ujumbe wa malipo uliotungwa, unaofanana na wa M-Pesa lakini uliotoka kwenye nambari ya kawaida. Asitoe mzigo kwa sababu ya ujumbe. Atazame salio lake kwanza. Mwingine hudai ametuma pesa zaidi kimakosa na kuomba zirudishwe upesi, kumbe hakutuma chochote. Mwingine hulipa kweli, huchukua tandiko, kisha huomba malipo yabatilishwe akidai alikosea nambari. Dawa ya hilo ni maandishi: mazungumzo ya mauzo yasifutwe, na mnunuzi atie sahihi kwenye karatasi ndogo yenye tarehe, majina, bei na maelezo ya kifaa. Nambari ya siri haitolewi kwa yeyote, hata anayejitambulisha kama mhudumu.

Picha za tangazo zisionyeshe lango la boma wala ghala la vifaa. Tangazo linalowaonyesha wateja mahali mali ilipo huwaonyesha wezi pia.

MALI YA WIZI

Matandiko hubebeka, na ndiyo sababu huibwa. Mnunuzi wa mali ya wizi hapati umiliki wake kwa kuwa tu amelipa. Mwenyewe akijitokeza, kifaa hurudi kwake na pesa za mnunuzi zimepotea. Zaidi ya hayo, kushika mali huku mtu akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14. Bei isiyoeleweka, muuzaji asiyejua tandiko lilitumiwa na farasi gani, nambari iliyokwaruzwa: hizo ni sababu za kuuliza maswali. Mwenye matandiko naye aandike nambari zake, ayapige picha, na atie alama upande wa ndani wa mikanda.

IKISHATOKEA

Aliyetuma pesa kwa mtu asiye sahihi kwa M-Pesa apeleke ujumbe wa muamala huo kwa 456 mara moja. Kila dakika ina thamani, kwa kuwa pesa zikishatolewa ni vigumu sana kuzipata. Nambari ya laghai kwenye mtandao wa Safaricom iripotiwe kwa 333. Kisha aende kituo cha polisi, apewe nambari ya OB, na apeleke picha za mazungumzo, tangazo na ujumbe wa malipo. Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, hupokea taarifa bila malipo kwa 0800 722 203. Kujipatia mali kwa uongo ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaadhibu ulaghai wa mitandaoni.

Kama muuzaji anajulikana lakini kifaa hakilingani na maelezo yake, hilo ni dai la kiraia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mlalamishi anaweza kujisimamia bila wakili. Ndiyo maana tangazo lenyewe lihifadhiwe kabla halijafutwa.

Wengi hunyamaza kwa aibu, wakidhani watachekwa kwa kupoteza pesa kidogo. Kunyamaza huko ndiko humwachia laghai nafasi ya kumpata mkazi wa pili kwa picha ile ile.

Anayepanga kununua au kuuza wiki hii na ana shaka, apite kwa afisa wa mifugo wa wadi yake akiwa na kifaa au vipimo vyake. Kuuliza kabla ya kulipa hakumgharimu chochote. Punda akichubuka au mpandaji akivunjika mfupa, gharama inahesabiwa kwa majuma ya kazi iliyosimama.