Mwanafunzi Mtafiti na Kidonda cha Ubaguzi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wakufunzi na wanachuo wa ualimu)



Nimetakiwa niseme machache juu ya utafiti wa wanafunzi katika somo la saikolojia. Yako mengi ya kusemwa, lakini nimeonelea heri niyakusanye katika jambo moja: ubaguzi wa rangi, madhara yake katika nafsi ya mtu, na kazi waliyoifanya wanafunzi katika kuyafichua madhara hayo. Nimelichagua jambo hili kwa sababu wako miongoni mwetu wanaoamini kwamba tasnifu ya mwanafunzi ni karatasi ya kupatia cheti tu, na kwamba ikishasahihishwa mahali pake ni kabatini. Imani hiyo nataka kuipinga kwa ushahidi wa historia.

Kwanza, hapana budi tukumbuke kwamba elimu ya akili haikuanza ikiwa upande wa mnyonge. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Louisiana, Marekani, aitwaye Samuel Cartwright, aliandika kwamba mtumwa anayemtoroka bwana wake ana ugonjwa wa akili, na ugonjwa huo akaubunia jina kutoka lugha ya Kigiriki. Kwa mujibu wa daktari huyo, mwenye afya ni yule aupendaye mnyororo wake. Na miongoni mwa tiba alizozitaja ni viboko. Miaka mia moja baadaye, hapa kwetu Afrika Mashariki, J. C. Carothers, ambaye alikuwa msimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kisha serikali ya kikoloni ya Kenya ikamtaka aieleze Mau Mau, naye akaandika taarifa iliyolitafuta chimbuko la vita vile zaidi katika nafsi ya Mkikuyu kuliko katika ardhi aliyonyang'anywa.

Ndugu zangu, hao hawakuwa walevi wa vilabuni. Walikuwa wasomi, nao waliandika kwa lugha ya kisomi. Ndiyo maana haitoshi kuupinga ubaguzi kwa hasira peke yake. Uongo uliovaa joho la elimu huvuliwa joho hilo kwa elimu.

Sasa tumtazame mwanafunzi mmoja aliyefanya kazi hiyo. Mamie Phipps alizaliwa Hot Springs, Arkansas, mwaka 1917, katika jimbo ambalo mtoto Mweusi hakuruhusiwa kukaa darasa moja na mtoto Mweupe. Mwaka 1934 aliingia Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, kusoma hisabati. Huko alikutana na mwanafunzi mwenzake, Kenneth Clark, aliyemshawishi ahamie saikolojia, na ambaye baadaye alikuwa mumewe. Kwa tasnifu yake ya shahada ya pili, iliyokamilika mwaka 1939, Mamie alikwenda katika shule za watoto wadogo Weusi mjini humo, akauliza swali lililoonekana jepesi: je, mtoto Mweusi huanza lini kujitambua kuwa ni Mweusi, na kujitambua huko humfanya ajione vipi?

Swali hilo la mwanafunzi ndilo lililozaa uchunguzi ambao dunia nzima inaujua. Katika miaka iliyofuata, Mamie na Kenneth walichukua wanasesere wanne, waliolingana kwa kila hali isipokuwa rangi: wawili wa kahawia na wawili weupe. Wakawaendea watoto Weusi 253, wenye umri wa miaka 3 hadi 7, baadhi katika miji ya Arkansas yenye shule za kibaguzi, na wengine Springfield, Massachusetts, ambako shule zilichanganya rangi zote. Kila mtoto aliombwa atoe mwanasesere ampendaye kucheza naye, kisha aliye mzuri, kisha aonekanaye mbaya. Na mwishoni aliombwa amtoe yule anayefanana naye yeye mwenyewe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1947. Asilimia 67 ya watoto walipenda kucheza na mwanasesere mweupe. Asilimia 59 walisema wa kahawia ndiye mbaya. Nao hao hao, walipoulizwa ni nani anayefanana nao, asilimia 66 walimtoa yule wa kahawia. Yafikirini hayo, Ndugu walimu. Mtoto ambaye bado hajajua kuandika jina lake, tayari ameshajua ni rangi gani inayodharauliwa, na ameshajua kwamba rangi hiyo ni yake.

Mwaka 1951 mawakili waliokuwa wakizishitaki shule za kibaguzi walimwita Kenneth Clark kutoa ushahidi kule South Carolina. Tarehe 17 Mei, 1954, majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani waliamua kwamba kuwatenga watoto kwa rangi zao katika shule za umma ni kinyume cha katiba, na katika maelezo ya hukumu hiyo wakaitaja kazi ya Clark. Hivyo swali lililoanzia katika tasnifu ya binti wa miaka ishirini na ushei lilifika mbele ya majaji wa taifa kubwa. Nani basi atasema kwamba utafiti wa mwanafunzi mahali pake ni kabatini?

Hata hivyo, sikuja kuwasimulia habari za ushindi tu. Katika kazi hiyo yamo mafunzo matatu yenye uzito.

Fundisho la kwanza ni juu ya mwalimu na swali la mwanafunzi wake. Msimamizi wa Mamie katika Chuo Kikuu cha Columbia, Henry Garrett, alikuwa akiamini kwamba Weusi ni duni kwa asili. Mamie alimaliza masomo mbele ya mtu huyo, akapata shahada ya udaktari mwaka 1943. Shauri la shule za Virginia lilipokuja mahakamani mwaka 1952, Garrett alisimama kuutetea utengano, na mwanafunzi wake wa zamani akasimama kumpinga. Lakini si kila swali huokoka namna hiyo. Frantz Fanon, kijana wa Martinique aliyesomea udaktari Lyon, Ufaransa, alitaka kuifanya tasnifu yake iwe juu ya maumivu ya nafsi ya Mtu Mweusi katika dunia ya Weupe. Ilikataliwa, ikambidi aandike nyingine juu ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ile iliyokataliwa ilitoka kama kitabu mwaka 1952, na ingali inasomwa. Basi mkufunzi anapolifuta swali la mwanachuo kwa kuwa linamkera, na ajiulize kama analinda elimu au anajilinda mwenyewe.

Fundisho la pili ni uaminifu kwa takwimu. Watoto wa Kaskazini, ambao shule zao hazikuwatenga, walimpenda mwanasesere mweupe kuliko watoto wa Kusini: asilimia 72 kwa 62. Wapinzani walilishikilia jambo hilo, wakasema basi shule za kibaguzi hazina lawama. Akina Clark hawakuzificha takwimu hizo, walizichapisha. Maana yake ni kwamba sumu haikuwa katika ukuta wa shule peke yake. Ilikuwa katika sokoni, katika picha, na katika maneno ya watu wazima. Kadhalika, mwaka 1991 William Cross alionyesha katika kitabu chake kwamba mtu anavyolitazama kundi lake ni jambo moja, na anavyojithamini nafsi yake ni jingine. Mtu Mweusi hakuwa amevunjika tu, alikuwa pia na ngome zake za familia, kanisa na jumuiya. Mtafiti mzuri hamdhulumu mnyonge kwa kumfanya awe majeraha matupu.

Fundisho la tatu ni wajibu kwa anayeulizwa. Kenneth Clark alisimulia kwamba wapo watoto waliolia, na wapo waliotoka mbio chumbani, walipotakiwa kumtoa mwanasesere anayefanana nao baada ya kwisha kumwita mbaya. Akina Clark hawakuondoka na daftari lao wakawaachia watoto kilio. Mwaka 1946 walifungua kituo cha kuwahudumia watoto huko Harlem, New York. Wazazi walileta watoto ambao shule zilikuwa zimewatia katika madarasa ya wenye akili pungufu. Walipopimwa upya, wengi walionekana hawakustahili kabisa kuwekwa huko. Mamie alikiongoza kituo hicho hadi mwaka 1979. Anayefunua kidonda na awe na kitambaa cha kukifunga.

Je, mambo haya yanatuhusu sisi? Yanatuhusu. Katika Tanganyika ya kikoloni shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, hata utengano huo ulipofutwa mwaka 1962. Sheria hufutwa kwa siku moja. Mazoea ya nafsi hayafutwi hivyo. Leo yuko dada anayejichubua kwa mkorogo, huku akijua madhara yake. Yuko mtoto mwenye ualbino anayekaa dawati la nyuma, akiitwa kwa jina ambalo mama yake hakumpa. Yuko mtoto anayetaniwa kwa weusi wake, na mwalimu akacheka pamoja na darasa. Hayo yote ni maswali yanayomngoja mwanachuo mwenye daftari, subira na huruma.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Wakufunzi, wapeni wanachuo maswali yenye uhai, muwafundishe njia ya kuyajibu bila kupendelea. Watumishi wa umma, barua ya mwanafunzi anayeomba kibali cha kuingia shuleni isikae mezani hata muhula ukaisha. Na taarifa yake ikirudi, isomwe na wenye kupanga mambo. Nanyi wanachuo, msiingie darasani kumchunguza mtoto kabla hamjakubaliana na mzazi wake na mwalimu wake, na kabla hamjajua ni nani atakayemtuliza akilia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tunaousema leo hauonekani kwa macho. Huonekana kwa kuulizwa swali la haki, kwa sauti ya upole, na kwa kusubiri jibu.