Daktari wa Bima Akikuita: Usiseme "Sijambo" kwa Mazoea

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mwatate)

Akina mama, akina baba na vijana wa vikundi, hamjambo?

Mmeitika wote kwa sauti moja: "Hatujambo!" Lakini tunajuana. Wapo kati yetu ambao bega haliinuki tangu boda boda ilipowaangusha, na wengine wamenyoosha mguu kwa sababu goti halikunji. Hao pia wameitika. Ndiyo adabu yetu, na ni adabu nzuri. Lakini kuna mahali pamoja ambapo adabu hiyo inaweza kukupunguzia haki yako, napo ni katika chumba cha daktari aliyechaguliwa na kampuni ya bima.

Sisi wa Mwatate tunaishi penye njia panda. Barabara inatoka Voi, hapa inagawanyika: moja inapanda Wundanyi, nyingine inapita Bura kwenda Taveta. Matatu, malori na pikipiki zinapita mchana na usiku. Kwa hiyo jambo hili si la watu wa mbali.

Tuanze na kisa kimoja. Mama wa kikundi fulani alivunjika mguu, juu kidogo ya kifundo, matatu ilipopinduka. Alitibiwa, akafungwa plasta, akapata wakili, na madai yakaanza. Baadaye ikaja barua: kampuni ya bima inataka aonwe na daktari wake, Mombasa. Majirani walimpa mashauri mawili. Wa kwanza alisema, "Usiende, huyo ni daktari wao." Wa pili akasema, "Nenda na magongo, ulie sana." Mama ni mtu mwaminifu, akakataa yote mawili. Sisi tulimsaidia nauli, tukamtakia safari njema. Hatukukaa naye kumweleza anakwenda kufanya nini. Kosa hilo ni letu.

Alivaa nguo yake ya Jumapili, akaenda peke yake, picha za eksirei akaziacha nyumbani. Daktari akauliza, "Unaendeleaje, mama?" Naye akajibu, "Sijambo daktari, namshukuru Mungu." Hakusema kwamba hawezi tena kubeba mtungi wa maji kutoka bondeni. Hakusema kwamba akipalilia nusu saa mguu unavimba. Hakuulizwa, naye akaona ni aibu kulalamika mbele ya mgeni.

Ripoti ilipokuja tuliisoma pamoja na wakili. Ilisema mgonjwa hana malalamiko, anatembea bila msaada, amepona vizuri. Tulitafuta uongo ndani yake, hatukuuona. Maneno yalikuwa yake mwenyewe. Kampuni ikashika ripoti hiyo, ikataka kulipa kidogo, na wakili akahangaika muda mrefu kuonyesha kwamba mama huyu hajapona.

Sasa tuelewe jambo lenyewe. Sheria ya Kenya, ile Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye gari au pikipiki barabarani awe na bima ya kulinda watu wengine. Ukiumizwa na gari la mtu, bima yake ndiyo inayotegemewa kulipa. Wewe si mteja wa kampuni hiyo. Wewe ni mdai. Wakili wako hukupeleka kwa daktari aandike ripoti ya majeraha, nayo kampuni huomba uonwe na daktari iliyemchagua. Daktari huyo wa pili hakuandikii dawa wala hakutibu. Kazi yake ni kupima na kuandika: umeumia wapi, umepona kiasi gani, na ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi. Hakimu atasoma ripoti zote mbili.

Je, ukatae kwenda? Hapana. Hakuna atakayekubeba kwa nguvu, lakini ukikataa bila sababu mahakama inaweza kusimamisha kesi yako mpaka uende. Ukiwa na sababu ya kweli, kama vile bado umelazwa, au una jambo na daktari huyo, mwambie wakili wako aandike barua.

Basi tufanye hivi.

Kwanza, taka barua. Simu peke yake haitoshi. Barua itaje jina la daktari, mahali, siku na saa. Mwonyeshe wakili kabla ya kuondoka. Kwa kawaida gharama ya daktari huyo ni ya kampuni iliyokuita. Ukiambiwa ulipe mlangoni, mpigie wakili kwanza. Habari ya nauli pia izungumzwe mapema.

Pili, beba karatasi zako: abstrakti ya polisi, nakala ya fomu ya P3, kadi za kliniki, karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, picha za eksirei. Mpe daktari nakala, asili ubaki nayo. Risiti pia zitunzwe tangu siku ya kwanza, kwa sababu mahakama hailipi gharama zisizothibitishwa.

Tatu, wiki moja kabla, kaa chini uandike. Ulikuwa unafanya nini kabla ya ajali ambacho sasa huwezi? Usiandike "naumwa" tu. Andika, "Nilikuwa napanda mlima hadi shambani bila kupumzika, sasa napumzika mara tatu." Andika, "Siwezi kuchuchumaa chooni." Asiyejua kuandika amwambie mtoto wa shule amwandikie.

Nne, sema kweli yote, na kweli tu. Salamu ni salamu: mwitikie daktari kwa heshima, kisha umwambie, "Lakini mguu huu bado unanisumbua, nao unanisumbua hivi." Usiongeze chumvi. Daktari anakutazama tangu unapoingia, unavyokaa na unavyovua viatu. Ana utepe wa kupimia: mguu usiotumika hukonda, na yeye hupima mapaja yote mawili akalinganisha. Akikuona unadanganya kwa jambo moja, hata maumivu yako ya kweli hayataaminiwa. Na kama mgongo ulikuwa unauma tangu ulipofanya kazi kwenye mkonge, sema hivyo, ueleze ajali iliongeza nini.

Tano, usiende peke yako. Mama ana haki ya kuomba mwanamke mwenzake awepo anapovua nguo. Mwenzako aandike saa mliyoingia, saa mliyotoka, na vilivyopimwa.

Sita, usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Hasa ile ya kukubali malipo ya mwisho: ukishaitia sahihi, hata mguu ukizidi kuharibika ni vigumu sana kurudi kudai. Na mjihadhari na mabroka wanaozunguka wodi wakiahidi pesa za haraka.

Ukimaliza, mwombe wakili nakala ya ripoti, aisome nawe neno kwa neno. Habari za afya yako ni zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona yaliyoandikwa juu yako. Pakiwa na kosa, mwambie wakili mapema, msingoje siku ya kesi.

Tukumbuke pia muda. Madai ya kuumizwa hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Likiwa ni gari la Serikali, ni miezi 12 tu. Wengi wetu tunangoja tupone kwanza, na mlango unafungwa tukiwa kitandani.

Ndugu zetu, kikundi si cha kuchanga pesa tu. Tunajua kuchangia hospitali, na tunajua kuchangia mazishi. Tujifunze pia kumsindikiza mwenzetu siku anapokwenda kusema maumivu yake mbele ya mtu asiyemjua. Mama tuliyemtaja anasema hivi sasa: "Sikujua kwamba kumwambia mtu ukweli wa mwili wangu si kulalamika."



Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Ni nani kati yetu aliyeumia barabarani miaka mitatu hii? Karatasi zake ziko wapi?
2. Tukichagua wawili wa kuwasindikiza wenzetu kwa daktari na kwa wakili, tuwachague akina nani?
3. Kwa nini tunaona aibu kusema tunapoumwa? Aibu hiyo imetugharimu nini?