Mvinyo uliozaliwa motoni

Wiki hii nawaomba tusafiri hadi Bahari ya Atlantiki, magharibi ya Senegal, kwenye visiwa vya Cape Verde. Kimo humo kisiwa kiitwacho Fogo, neno la Kireno lenye maana ya moto. Jina hilo halikutolewa bure, kwani kisiwa kizima ni mlima wa volkano, na kilele chake kina urefu wa meta 2,829.

Ndani ya kasoko kubwa ya mlima huo, meta zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, wanaishi wakulima wa zabibu. Mahali penyewe huitwa Chã das Caldeiras. Mizabibu ya huko haikupangwa kwa mistari. Kila mmoja umekaa katika kishimo chake, umetambaa juu ya majivu meusi. Mvua ni haba na mashamba hayamwagiliwi. Majivu hayo ndiyo yanayotunza unyevu.

Zabibu hizo hutoa mvinyo mwekundu mzito, wenye kileo kingi. Chakula kikuu cha wenyeji ni cachupa, ambacho wewe msikilizaji ukikiona utasema ni makande: mahindi na maharage yaliyochemshwa kwa saa nyingi, na mwenye uwezo huongeza nyama, soseji, mihogo na kabichi. Viwili hivyo vinapatana. Ule ukakasi wa mvinyo, utokao kwenye maganda na mbegu za zabibu, hushikana na mafuta na nyama, mdomo ukabaki mwepesi. Jibini ya mbuzi ya kisiwani nayo hupatana nao vizuri.

Kwa sisi huku, mvinyo wa namna hiyo unafaa nyama ya mbuzi ya kuchoma, au makande yaliyoungwa kwa nyama. Pilipili isizidi, maana kileo huongeza mwasho. Samaki wa kuchemsha atafutiwe mvinyo mweupe. Na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, chupa ya mvinyo mwekundu iwekwe kwenye jokofu nusu saa kabla ya kufunguliwa.

Lakini leo sikukusudia kuzungumzia chupa peke yake. Tarehe 23 Novemba 2014 mlima ule ulilipuka, na haukutulia hadi Februari 2015. Zaha ilitambaa polepole ikavifunika vijiji vya Portela na Bangaeira, nyumba, shule, pamoja na kiwanda cha ushirika cha mvinyo. Watu wapatao elfu moja walihamishwa. Roho zilisalimika, kwani watu waliondoka mapema. Mali ndiyo iliyoangamia.

Kisha wakarudi. Wengine walianza kujenga juu ya zaha ambayo chini yake bado ilikuwa ya moto. Wakapanda tena mizabibu, na mvinyo ukatengenezwa tena.

Wako wanaouliza, je, watu hao wana akili timamu? Swali hilo tumelisikia hata karibu na kwetu. Mwezi Januari 2002, zaha ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma, na Mei 2021 ikateremka tena. Wenyeji wa Goma nao walirudi, wakajenga juu ya mawe yale yale.

Maoni yangu ni haya. Mkulima harudi kwa ukaidi wala kwa ujinga. Ardhi inayomuunguza ndiyo hiyo hiyo inayomlisha. Ukimpeleka kambini ukampa mgao wa mchele, umemshibisha kwa mwezi mmoja, lakini ada ya shule ya watoto wake ilikuwa inatoka shambani. Kumwamuru ahame bila kumpa ardhi nyingine ni kumwamuru awe ombaomba. Wajibu wa serikali yoyote ni kuuchunguza mlima usiku na mchana, kutoa tahadhari mapema, kuweka barabara ya kutokea, na kukaa na wananchi kujadili wapi pa kulala na wapi pa kulima. Mtu anaweza kulima ndani ya kasoko na kulala mbali nayo, mradi ashirikishwe katika uamuzi.

Nasi walaji tuna sehemu yetu. Zabibu za Dodoma zaweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, lakini katika sherehe nyingi nimeona chupa ya Ulaya ikitangulizwa mezani, na ya Dodoma ikisubiri jikoni. Watu wa Fogo hawaoni haya kumkaribisha mgeni kwa kilicho chao.

Asiyekunywa, kwa dini au kwa afya, aachwe na glasi yake ya maji. Anayekunywa, anywe kwa kiasi, asishike usukani, na kabla ya kulipa asome lebo ajue fedha yake inakwenda kwa mkulima gani. Mcheza kwao hutunzwa, lakini wa kumtunza ni sisi.