Ajali za Reli: Nani Awajibike?

Treni inapopata ajali, kidole huelekezwa kwanza kwa dereva. Mwaka 1956, baada ya ajali ya Ariyalur, Waziri wa Reli wa India, Lal Bahadur Shastri, alijiuzulu. Heshima aliyoipata aliistahili. Hata hivyo kujiuzulu kwa waziri hakukazi msumari wa reli hata mmoja.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 12 Desemba 1988 treni ziligongana Clapham, London, wakafa watu 35. Fundi alikuwa ameacha waya wa zamani katika mitambo ya ishara, na taa nyekundu haikuwaka. Wachunguzi hawakuishia kwa fundi huyo. Walichunguza ratiba yake, wakakuta kwamba katika majuma 13 alikuwa amepumzika siku moja tu, na kwamba kazi yake haikukaguliwa ipasavyo. Ripoti ya mwaka 1989 ilitolewa hadharani ikiwa na mapendekezo 93, na Shirika la Reli lenyewe likatozwa faini.

Hapa Tanzania, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni huko Igandu, Dodoma, ikagonga ya mizigo. Walikufa watu 281. Maswali ya Clapham yanahusu Igandu vilevile: nani alikagua breki, alikuwa kazini kwa saa ngapi, na taarifa yake ilisomwa na nani?