Dizeli Ikikata, Toa Hewa Kwanza

Msikilizaji, gari lako la zamani la dizeli limekata mafuta njiani. Umeongeza dizeli, unapiga starta, haliwaki. Acha! Utamaliza betri bure. Hewa imeingia kwenye njia ya mafuta. Toa hewa kwanza.

Zima sigara, fungua boneti, tafuta filta ya dizeli. Kwenye Hilux nyingi za zamani, juu ya filta kuna pampu ya mkono. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, ilegeze kidogo. Bonyeza pampu, bonyeza. Yatatoka mapovu. Endelea mpaka itoke dizeli tupu, kisha kaza skrubu. Bonyeza tena mpaka pampu iwe ngumu. Hewa kwanza, starta baadaye. Sasa piga starta kidogokidogo, ukiipumzisha. Likigoma, muite fundi, nozeli usiziguse.