Joto na Muda: Halijoto Inavyotawala Kasi ya Vimeng'enya

Vimeng'enya ni protini zinazotengenezwa na viumbe hai, ambazo huharakisha mimenyuko ya kikemikali bila zenyewe kutumika na kwisha. Halijoto ikipanda, molekuli huenda mbio na kugongana zaidi, lakini lililo kubwa ni kwamba huongezeka idadi ya zile zenye nishati ya kutosha kuvuka kizingiti cha mmenyuko, uhusiano ambao Svante Arrhenius wa Sweden aliueleza kwa hesabu mwaka 1889. Kwa sababu hiyo kasi ya vimeng'enya vingi hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi, mpaka pale mikunjo ya protini inapoanza kufumuka na eneo tendaji, yaani sehemu ya kimeng'enya inayoshika dutu inayoshughulikiwa, linapopoteza umbo lake.

Vitabu vya shule huzoea kukipa kila kimeng'enya halijoto yake bora, kana kwamba ni tarakimu isiyobadilika. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba tarakimu hiyo haina maana pasipo kutaja muda, kwa kuwa joto huharakisha na kuharibu kwa wakati mmoja, na kimeng'enya kinachoongoza kwa kasi katika dakika za mwanzo huenda kikawa kimekufa kabla ya saa kwisha.

Ushahidi umo katika ikigage, pombe ya mtama ya Rwanda. Mtama ulioloweshwa na kuoteshwa huwa kimea chenye amilesi, vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari, ambayo baadaye chachu huigeuza kuwa kileo. Tatizo ni kwamba chembe za wanga wa mtama hazivimbi na kulainika vizuri mpaka zifikie takriban nyuzi 70, ilhali amilesi ya aina ya beta huharibika upesi ikishapita nyuzi 60 na kitu. Mpishi akitumia maji ya moto mno humwua mtenda kazi, na akitumia ya vuguvugu wanga hubaki mgumu; kwa hiyo njia ya busara ni kuupika kwanza unga wa mtama uwe uji, kuuacha upoe, ndipo kimea kitiwe.

Maziwa yanayouzwa Kigali yanaonyesha upande wa pili. Ili kuua vijidudu, maziwa hupashwa hadi nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu, na njia zote mbili huharibu fosfatesi ya alkali, kimeng'enya cha asili cha maziwa kinachostahimili joto zaidi kidogo kuliko vijidudu hatari vinavyolengwa. Mpimaji huchanganya sampuli na dutu isiyo na rangi, huiweka kwenye nyuzi 37, kisha hutazama: ikitokea rangi ya manjano, kimeng'enya kingali hai, na maziwa hayakupashwa ipasavyo au yamechanganywa na mabichi. Kipimo hicho hutegemea pande zote mbili za joto, kwani nyuzi 72 huangamiza na nyuzi 37 huchochea.

Kwa hiyo mwanafunzi anayechora mchoro wa kasi dhidi ya halijoto aandike pia dakika alizopima, na anayepika pombe au kusindika maziwa awe na kipimajoto na saa pamoja, kwa kuwa kimoja bila kingine hakitoshi kumwambia kama kimeng'enya chake kinafanya kazi au kimekwisha.